Somo

Kitabu cha Takwimu kina wino wa rangi tatu
na wote umetoka mkononi mwangu.

Wa bluu ni wa Debora wa kwanza.
Mtu wa pupa. Alipiga mstari chini ya kila sentensi
hata ikawa hakuna iliyopigiwa mstari.
Ukurasa wa arobaini, pembeni, ameandika: Rahisi!
Muhula ule tulimzika mjomba Tandi,
siku tano za wageni, na mgawa kahawa nilikuwa mimi.
Jumapili nikaingia mtihani nanuka moshi na nguruwe,
nikajaza viduara kwa penseli
kama apandaye mpunga gizani.
Nikapata E.

Mwekundu ni wa Debora wa pili,
kalamu ya kituo cha mafuta,
ile ya kuandikia stakabadhi za malori.
Huyu hakuwa na utani.
Chini ya Rahisi! ameandika: Muongo.
Alisoma kibandani, zamu ya usiku,
lori moja kwa saa,
mvua ya Makale ikihesabu bati.
Kanuni zote alizijua
kama ujuavyo majina ya babu zako:
kwa mpangilio,
bila kujua walichekaje.
Swali la kwanza halikumwuliza ngapi.
Lilimwuliza kwa nini.
E.

Wanasema chuo huria.
Huria kweli: unafeli nyumbani kwako,
hakuna mwalimu wa kukasirika,
hakuna wa nyuma yako kucheka,
ila simu tu, inakutetemekea mfukoni
ukiwa umeshika bomba la dizeli.

Obed, mume wangu, alipiga hesabu kidoleni:
ada ya kurudia, mara tatu,
ni mguu mzima wa nguruwe.
Nikamwambia, basi andika kwamba tumechangia msiba.
Tumemzika mjinga mmoja,
na wa pili yu mahututi.

Wino wa kijani nimeuazima kwa Serlin, mwanangu.
Akauliza bila kuinua macho:
Mama, mbona kitabu kile kile?
Nikasema, si kile kile.
Akatazama jalada. Akanitazama.
Akanyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma
kuliko E zote mbili.

Lakini nilikuwa nimesema kweli.
Kurudia si kurudi.
Nilipofungua ukurasa wa arobaini
walikuwepo wawili wakibishana pembeni,
mwenye pupa na mwenye hasira,
somo zangu, tuliopewa jina moja,
na kwa mara ya kwanza kulikuwa na watu
wa kusoma nao.
Nikaandika chini yao, kijani:
Nyamazeni kidogo. Tuanze na lita.

Lita za Jumatatu, lita za Jumanne,
usiku wa malori tisa, usiku usio na lori.
Wastani nikauona umekaa katikati
kama mwenye nyumba,
na kila usiku uko mbali naye kwa umbali wake.
Mkengeuko, kumbe, si dhambi.
Ni umbali tu, nao unapimika.

Jumapili ile kwaya iliimba bila sauti yangu ya pili.
Mimi nilikuwa shuleni kwa Serlin,
magoti yamegusa meza ya mtoto,
na swali la kumi na saba likasema:
kwa nini tofauti hupandishwa kipeo cha pili?
Kwa sababu hasi, ukiizidisha kwa yenyewe, huwa chanya.
Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti.
Msimamizi akaja kukagua mikono yangu
akitafuta karatasi ya kuibia.

Matokeo yalikuja na lori la saruji.
D.

D ni kupita, wanasema kanuni.
Ni kupita kama paka apitavyo chini ya lango.
Na chini ya D, kwenye kioo chenye ufa,
swali moja lisilo na alama:
Ungependa kurudia somo hili?

Dereva akapiga honi.
Nikamjazia tangi. Nikampa chenji.
Kisha nikamwomba, kama haitamsumbua,
aniuzie ile kalamu nyeusi
aliyoichomeka sikioni.